Mota ya kufulia nguo na bega la Mama

Kwa miaka mingi, ukipita asubuhi mbele ya nyumba yetu, Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, juu kidogo ya soko, ungesikia mashine ya chuma ikikwaruza: kra, kra, kra, halafu kimya kifupi, halafu kra tena. Kimya kile kilikuwa cha Mama akihamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda ule. Alikuwa anasaga sosoma kwa mashine ya mkono, ile yenye mdomo mpana juu na mpini pembeni, ambayo watu wengi wa Bukavu wanaijua kwa kusaga karanga. Kwa asiyeifahamu sosoma, ni unga wa uji wa soya, mtama na mahindi, na jina lake limetoka kwenye silabi za kwanza za majina ya Kifaransa ya vitu hivyo: soja, sorgho, maïs.

Mama aliuza kama kilo 12 kwa wiki, katika vifuko vya nusu kilo. Walionunua ni wazazi wenye watoto wadogo na watu wenye wagonjwa nyumbani. Karo ya mdogo wangu wa mwisho ilitoka humo. Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari, na huku kwetu kila mtu anajua mwalimu hulipwaje, kwa hiyo sitaeleza zaidi.

Mwaka 2021 bega lake la kulia liligoma. Alishindwa kuchana nywele, akashindwa hata kufunga kitenge peke yake. Daktari alimwambia kano za bega zimechakaa kwa kurudia kazi ileile miaka nenda miaka rudi, na kwamba apumzike miezi mitatu. Mama alipumzika siku nne. Siku ya tano nilirudi kutoka shuleni nikamkuta anasaga kwa mkono wa kushoto, kichwa kimelala upande, jasho linadondokea kwenye beseni la unga. Nilimwomba auache mpini. Akaniambia, "Baba, watoto wa watu wanangoja uji."

Nilimshauri apeleke nafaka kwenye mulini ya mtaa. Ile inaendeshwa kwa mazuti, yaani dizeli, na inasaga gunia zima kabla hujamaliza kusalimiana na watu. Alikataa, na nilipofikiri nikaona ana haki. Mulini inasaga muhogo mchana kutwa, na mkia wa unga wa aliyekutangulia hubaki tumboni mwa mashine ukatoka na wa kwako. Kwa bugali haina neno. Kwa uji wa mtoto wa miezi minane, harufu ya muhogo uliovundikwa inatosha kumfanya akaze mdomo, na mteja hatarudi. Tena kilo 12 ni kidogo mno kwa mashine ile. Nusu kilo nzima inapotelea ndani.

Basi nikaanza kutafuta mota.

Mashine za kufulia nguo zilizokwisha kutumika Ulaya zinafika kwetu nyingi. Umeme wetu ukipanda na kushuka mara mbili tatu, kadi yake ya elektroniki inaungua, na hapo watu wengi hawajisumbui tena. Inakuwa chuma cha kupimwa kwa kilo, huku ndani yake mota ni nzima, beringi ni nzima, puli na mkanda ni vizima. Nilipata ya kwanza kwa jirani aliyekuwa anaitumia kuwekea ndoo za maji juu yake. Aliniachia mota bure.

Ilikuwa mota ndogo, nyepesi, yenye soketi ya nyaya nyingi. Nilikaa nayo jioni mbili na kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa umeme, mkononi, nikitafuta jozi za nyaya. Jozi moja ilikwenda kwenye zile brashi za kaboni ambazo mafundi wetu huziita sharbo. Nyingine ilikwenda kwenye koili za pembeni. Ya tatu, yenye omu nyingi kuliko zote, ni ya kile kijidude cha nyuma kinachopima mwendo. Niliunganisha koili na brashi kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine, nikaibana mota kwenye meza kwa kamba ya mpira, nikachomeka.

Sijawahi kusikia kitu kikilia vile ndani ya nyumba. Mota iliruka, ikajikata kwenye kamba, ikaanguka chini na kuzunguka sakafuni kama kitu kilichopagawa mpaka mke wangu alipochomoa waya. Watoto walikuwa wamekwisha kutoka nje. Nilijua kwa vitabu kwamba mota ya brashi isipokuwa na mzigo haina mwendo wa kusimamia. Inapanda tu, mizunguko elfu kumi kwa dakika na zaidi. Lakini kukijua kitu kwa kitabu na kukiona kikitambaa kuelekea miguu ya mtoto wako ni mambo mawili.

Ningeacha siku ile. Sikuacha. Niliifunga mota kwa bolti kwenye mbao nene, nikavisha puli yake ya milimita 20, nikatafuta gurudumu la milimita 300 nikalitia kwenye mashine ya Mama mahali pa mpini. Nilidhani kupunguza mara 15 kutatosha. Nikaweka mahindi. Yalisagika, ndiyo, kwa kasi ya kutisha. Unga ulitoka moto, na harufu yake ilikuwa ya bisi zilizoungua. Mahindi yalipoelekea kwisha, mzigo ukapungua, mota ikapanda tena, mkanda ukaruka ukapiga ukuta wa mbao nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Nilipoifungua mashine nikakuta sahani za kusagia zimebadilika rangi ukingoni, na kwenye bushi ya shafti, ile pete inayoushika mhimili ukizunguka, kuna vumbi la chuma. Unga ule wote niliumwaga. Mama hakuniambia kitu, alichukua tu zile sahani, akazipangusa kwa ncha ya kitenge, akazitazama kwenye mwanga wa dirisha, upande huu na upande huu. Zilikuwa mali yake ya tangu mimi niko mtoto.

Karibu na njia ya kwenda Nyamugo kuna mzee anayesuka mota, yaani anayezungushia upya koili zake za shaba. Kibanda chake hakizidi mita mbili, na ukuta mzima umening'inizwa vifungu vya waya wa shaba vya kila unene. Nilimpelekea mota yangu nikamwambia nataka aipunguzie mwendo bila kuipunguzia nguvu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: "Mwalimu, mama yako anazungusha mara ngapi kwa dakika?"

Sikuwa na jibu. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilikuwa nimepima omu na milimita, na sikuwa nimepima mkono wa Mama.

"Hii moteri haikosi nguvu," akasema. "Iko na haraka. Wewe unatafuta mwenye kuzungusha pole pole na asichoke. Leta mashine ya kufulia ya zamani, ile nzito, isiyo na sharbo, yenye kondansatere. Na usiniletee moteri peke yake. Leta na tumbo lake."

Jioni ile nilimwomba Mama azungushe mpini kwa mkono wa kushoto, dakika moja tu, mashine ikiwa na mahindi. Nilishika simu nikahesabu. Mizunguko 54.

Ile mashine nzito niliitafuta karibu miezi miwili. Niliikuta Nguba, nyuma ya nyumba ya mtu aliyekuwa anahama, nikalipa dola 25, na vijana wawili wakaipandisha mpaka kwetu kwa migongo yao, kwa sababu pale kwetu hakuna gari linalofika. Nilipoifungua nyuma nikaielewa ile kauli ya mzee kuhusu tumbo. Mota ilikuwa na kibandiko kilichoandikwa namba mbili za mwendo, 2800 na 430. Ni mota moja yenye koili za aina mbili: za haraka kwa kukamua nguo, za polepole kwa kufua. Puli ya mota ilikuwa milimita 35. Puli kubwa ya alumini nyuma ya pipa ilikuwa 290. Nilipiga hesabu palepale kwa kucha kwenye vumbi la mgongo wa mashine: 430 mara 35, gawanya kwa 290. Nikapata karibu 52.

Mizunguko 52 kwa dakika. Ule ndio mwendo wa pipa linapofua nguo, na unakaribiana kabisa na mwendo wa mkono wa Mama. Niliirudia hesabu mara tatu. Nilikuwa nimehangaika miezi kutafuta namna ya kupunguza kasi, na huku waliotengeneza mashine ile walikwisha kuipunguza, wakaweka na puli, na shafti nene, na beringi mbili za kubeba pipa lililojaa nguo zenye maji.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya msumeno. Nilikata pipa la ndani nikalitoa. Nilibakiza sahani ya nyuma yenye nyumba ya beringi, shafti, puli kubwa, na ule mguu wa alumini wenye mikono mitatu ulioshika pipa. Vyote nikavifunga kwenye fremu ya mbao za mikaratusi. Mota ikakaa chini, puli kubwa upande mmoja, na upande wa pili ile mikono mitatu ikaangalia mashine ya Mama uso kwa uso.

Kuunganisha vitu hivyo viwili ndiko kulikonipa tabu. Fundi wa kuchomelea alijaribu kuchomelea kipande cha bomba juu ya shina la ule mpini, na siku ya pili pakapasuka, kwa sababu mpini ni chuma cha kumimina, na chuma cha kumimina kikipata moto ghafla na kupoa ghafla hupasuka pembeni mwa alama ya kuchomelea. Tukaacha moto tukatumia bolti. Shafti ya mashine tuliitobolea tundu, tukaivisha kisahani cha chuma chenye matundu matatu. Kati ya kisahani hicho na ile mikono mitatu nilifunga vipande vitatu vya tairi la lori, kila kimoja kama urefu wa kiganja. Shafti mbili hazinyooki sawasawa hata ufanyeje, hasa juu ya fremu ya mbao inayovimba na kusinyaa na mvua zetu za Bukavu. Tairi inapinda badala ya beringi kuumia.

Mzee alikuja mwenyewe kuunganisha umeme, akipanda ngazi za udongo kwa fimbo. Kabla ya yote alinionyesha kapasita, ile kondansatere yake, mikrofaradi 14, volti 450. "Hii inakumbuka," akasema. "Umechomoa waya, yenyewe bado imeshika." Aliigusisha nyaya zake kwenye balbu kuukuu ili imalize umeme iliyouhifadhi, na akanifanya nirudie mimi mwenyewe mara mbili akiangalia. Nyaya za koili za haraka alizikunja, akazifunga kwa mkanda wa kuhami, akazizika kabisa ili mtu asizichokoze. Mara ya kwanza shafti ilizunguka kinyume, mahindi yakakaa tu mdomoni bila kuingia. Akahamisha waya mmoja wa kapasita kutoka koili hii hadi koili ile, ikageuka.

Nilikuwa nimechora mstari wa chaki kwenye puli kubwa. Nikahesabu: 51 ikiwa na mahindi ndani.

Sauti yake ilikuwa ileile ya asubuhi zote za utoto wangu, kra, kra, kra, ila safari hii haikuwa na kile kimya kifupi. Mama alikuwa ameketi kwenye kibao, mikono yote miwili juu ya magoti. Alichukua unga kwenye beseni, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akauonja. "Ni wangu huu," akasema. Haukuwa moto. Ulikuwa na joto la mwili tu.

Sasa niseme yale ambayo kama ningeambiwa mapema yangeniokolea fedha na hofu.

Mota hii si ya kufanya kazi mfululizo. Nilisahau kwamba mashine inapofua huzunguka kidogo, inasimama, inageuka, inasimama tena. Zile koili za polepole zimezoea kupumua. Mimi nikaipa dakika 40 bila kuiachia, na nilipogusa ganda lake nikautoa mkono mara moja. Sasa tunakwenda dakika 10 na kupumzika 10. Kwa saa moja, pamoja na mapumziko, tunapata kama kilo mbili za unga laini. Ni polepole, naam. Mkono wa Mama haukuwa na kasi zaidi, na katika yale mapumziko yeye anachekecha na kupima vifuko. Anayetaka gunia kwa saa moja aende mulini, hiki si chombo chake.

La pili, umeme wenyewe. Umeme wa Bukavu unatoka kwenye maji ya Ruzizi, mto unaotoka Ziwa Kivu hapahapa mjini na kushuka mpaka Tanganyika. Bwawa la kwanza ni la mwishoni mwa miaka ya 1950, la pili la 1989, na la pili tunagawana na Rwanda na Burundi. Mji umeongezeka mara nyingi tangu hapo, na waya ulio Kadutu umebeba nyumba ambazo haukupangiwa. Saa moja jioni, watu wote wamewasha majiko, nimepima volti 168 kwenye soketi ambayo ingepaswa kuwa na 220. Watu hudhani upungufu wa robo ya volti ni upungufu wa robo ya nguvu. Kwa mota za namna hii, nguvu ya kuzungusha hufuata mraba wa volti. Gawanya 168 kwa 220, zidisha jibu kwa lenyewe: unabaki na chini ya asilimia 60. Siku hiyo mota ilinguruma bila kuzunguka, mm-mm-mm, na kabla sijafika kwenye swichi nikasikia harufu tamu ya vanishi ya koili inayoanza kuungua. Mzee alinieleza kwamba kuisuka upya mota yenye koili nyingi hivi ni kazi ya siku nyingi na shaba nyingi. Tangu hapo kuna kipimo cha volti ukutani, na ikiwa chini ya 200 hatusagi. Tena tunawasha kwanza mdomo ukiwa mtupu, ndipo tunamwaga nafaka kidogo kidogo.

La tatu ni mkanda. Nilikuwa nimeukaza sana, nikidhani unaoteleza unapoteza nguvu. Mzee akaulegeza mpaka ukiubonyeza katikati unashuka kama upana wa kidole. Sikumwelewa hadi siku msumari mdogo wa kupigilia mbao ulipoingia pamoja na mtama wa Walungu. Mashine ilikwama ghafla, mkanda ukateleza ukalia, nikazima. Sahani moja iliondoka na alama ya jino. Mkanda ungekuwa umekazwa, kingepasuka kitu kikubwa zaidi. Sasa kwenye mdomo nimefunga sumaku ya spika kuukuu, na kila nafaka inapita mbele yake. Mawe hayakamatwi na sumaku. Hayo yanabaki kuwa kazi ya ungo na macho.

La nne linaniumiza bado, na naliandika kwa ajili ya yeyote mwenye watu nyumbani. Kifuniko cha mkanda nilikiahirisha. Nilisema wiki ijayo, nikasema nikipata bati. Jumapili moja Mama aliinama kuokota kijiko, na ncha ya kitenge chake ikashikwa kati ya mkanda na puli kubwa. Puli ilikivuta kwa utaratibu uleule, bila haraka, mizunguko 51 kwa dakika, na kilimvuta na yeye. Mpwa wangu ndiye aliyechomoa waya. Kitenge kilichanika kuanzia kiunoni. Mama hakupata jeraha, lakini nilimwona usoni, na sitamsahau alivyokuwa. Nilikuwa nimejenga chombo kile kwa ajili ya mwili wake. Siku ileile usiku nilikata bati la paa lililobaki nikafunika mkanda, puli zote mbili na ile mikono mitatu, na nikaweka swichi kubwa ya kubonyeza mbele, mahali ambapo mkono wa anayemimina nafaka unafika bila kujinyoosha. Kama unatengeneza chombo kama hiki, tengeneza kifuniko kabla ya mota kuzunguka mara ya kwanza. Usingoje bati.

Pamoja na hilo, nyumba zetu nyingi hapa ni za mbao, zimebanana, na moto ukianzia kwenye waya mmoja unachukua mtaa. Tumewahi kuona hivyo, si mara moja. Kwa hiyo mashine ina waya wake mnene unaotoka kwenye kikata umeme chake yenyewe, haichomekwi kwenye rundo la viunganishi vya simu na redio. Ganda la chuma la mota limefungwa waya wa ardhini, unaokwenda kwenye fimbo niliyoizamisha nyuma ya nyumba, mahali penye unyevu chini ya bomba la mvua. Vumbi la unga tunalifagia kila tukimaliza, hasa juu ya mota, kwa sababu linaziba matundu ya kupozea.

Kuhusu nafaka, mwalimu ni Mama. Mahindi ya bonde la Ruzizi anayaanika mpaka ukiyauma yanapasuka kwa mlio. Yanayobonyea menoni yana maji na yataziba sahani. Mtama anauchekecha mara tatu. Soya anaikaanga kwanza mpaka ganda lidondoke na harufu ibadilike, kwa sababu soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na mtoto mdogo ataharisha. Tena soya ina mafuta mengi. Niliisaga peke yake siku moja, ikageuka uji mzito uliojipaka kwenye sahani kama siagi ya karanga, na ikanichukua saa nzima kukwangua. Sasa inachanganywa na mahindi kabla ya kuingia, mahindi yanaibeba. Na hatuminyi sahani kuanzia mwanzo. Mara ya kwanza ni kuvunja tu, sahani zikiwa zimeachana. Mara ya pili tunazisogeza. Nilipojaribu kupata unga laini kwa mara moja, mota ilipata joto maradufu na unga haukuwa mzuri kuliko huu.

Watu wananiuliza kama ile mota ya kwanza, ya brashi, haifai kabisa. Inafaa kwa aliye na kadi yake nzima, kwa sababu kadi inasoma kile kijidude cha nyuma na kuishikilia mota kwenye mwendo mmoja hata mzigo ukibadilika. Nilijaribu kuitawala kwa swichi ya kupunguzia mwanga wa taa. Ukiipunguza, mahindi yanaisimamisha. Ukiiongeza, mahindi yakipungua inaruka. Iko kabatini.

Bega la Mama halikurudi lilivyokuwa, ila anachana nywele mwenyewe na anafunga kitenge chake. Amefika kilo 20 kwa wiki. Mpini wa zamani unaning'inia kwenye msumari, kwa siku ambazo umeme haupo tangu asubuhi hadi usiku. Nafungua bolti tatu za tairi, naurudisha, na ninazungusha mimi au mpwa wangu.

Wiki hii nimesikia mngurumo mpya upande wa puli kubwa. Muhuri wa mpira umechoka, na maji ya miaka ya kufua yalikwisha kuingia kwenye beringi kabla mashine haijafika kwetu. Nimezitoa kuzisoma namba: 6204 na 6205, zinapatikana Kadutu kwa wauza vipuri vya pikipiki. Nitazibadili Jumamosi. Mama ameuliza kazi itachukua siku ngapi kwa sababu kuna mteja wa Bagira anayengoja vifuko sita. Nimemwambia siku moja. Amekwisha kuyaanika mahindi.